Vipuri vya injini ya Peugeot 504 Lubumbashi: uvitafute mtaani, Zambia, Ulaya, au ununue gari bovu zima?

Ukiwa na Peugeot 504 iliyolala uani tangu enzi za marehemu baba, siku utakayoamua kuiamsha hutakosa washauri. Fundi wa mtaani atasema vipuri vipo, ni miguu yako tu. Shemeji aliye Brussels atasema usiguse makorokoro ya huku, ngoja atakutumia. Rafiki anayevuka Kasumbalesa, mpaka wa Kongo na Zambia, kila wiki ataapa kwamba Kitwe hakikosekani kitu. Na wa nne, ambaye mara nyingi ana ua mkubwa kuliko wako, atasema nunua 504 nyingine iliyokufa, uichune polepole. Wote wanne wanasema kweli, ila kila mmoja ana kipuri fulani akilini na hakutajii.

Yangu ni ya petroli, cc 1971, na kwa miaka mitatu nimenunua kwa njia zote nne. Namwandikia mtu mwenye pesa ya kuhesabu ambaye hajui aanzie wapi. Anayetaka kutoa injini nzima aweke ya Hilux simzuii, na barabarani huenda akanicheka, lakini huyo hakarabati gari la kale.

Kabla ya kuuliza bei, jua injini uliyo nayo

"504" si jibu. Gari hili lilitoka mwaka 1968 na injini ya petroli ya cc 1796, pistoni zake zina kipenyo cha milimita 84. Baadaye kidogo ikaja ya cc 1971, pistoni za milimita 88. Ndiyo inayoitwa XN1. Mwendo wa pistoni ni uleule kwa zote mbili, milimita 81, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Za dizeli zilianzia cc 1948, zikapanda hadi 2112, kisha 2304. Ongeza 404, kaka mkubwa, ambayo ya cc 1618 nayo ina pistoni za 84 lakini mwendo wa 73, na utaelewa kwa nini mtu anaweza kukuuzia kitu kwa moyo mweupe kabisa na kisiingie.

Mwaka wangu wa kwanza niliuziwa seti ya pistoni na shemizi (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, wengine huita slivu), zimeviringishwa kwenye gazeti vizuri kama mikate. Nikalipa, nikaenda nazo nyumbani, nikaziweka juu ya meza. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa anafanya kazi ya shule, nikamwazima rula. Milimita 84. Yangu ni 88. Muuzaji hakuwa mwongo, zilikuwa za 504 kweli, ila si hii niliyo nayo mimi. Pesa hiyo haikurudi, na rula ile sasa inakaa kwenye sanduku langu la spana.

Habari njema ni kwamba wigo wa kutafuta ni mpana kuliko jina. Peugeot 505, iliyotoka 1979, ilirithi ile injini ya cc 1971 katika matoleo yake ya kabureta, na dizeli ya cc 2304 nayo ikaendelea humo. Dizeli hiyohiyo iliwekwa hata kwenye Ford Sierra. Mtu mwenye Sierra bovu hatakuja kukuambia ana injini ya Peugeot. Ni wewe umuulize.

Vigezo vitano nitakavyotumia kwa kila njia

Cha kwanza ni bei ya mlangoni, yaani pesa yote hadi kipuri kilale kwenye garaji yako, si ile anayotaja muuzaji. Cha pili, je, unaweza kukishika na kukipima kabla ya kulipa? Cha tatu, uhakika kwamba ndicho chenyewe na si ndugu yake. Cha nne ni muda. Cha tano ni kile watu wanachokisahau: kikiwa kibovu, unarudi kwa nani?

Cha pili na cha tatu huvutana. Muuzaji wa karibu anakuruhusu kupima lakini mara nyingi hajui alichonacho kimetoka gari gani. Wa mbali anajua hadi mwaka wa gari, lakini wewe unaona picha tu.

Na kuna vitu usivinunue vya mtumba popote pale, hata kwa bei ya sigara: gasketi, sili za mafuta, ringi za pistoni, beringi za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki). Hivi viliumbika kwa injini ya mwenzako. Mtumba ni wa vyuma vikubwa: bloku, kichwa cha silinda, kranki, kamshafti, konrodi, kabureta, pampu, mabano, puli.

Mtaani: Kenya, Katuba na pembeni mwao

Nasema Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi. Humo, na Katuba, na ukipenda safari hadi Likasi, kilomita kama 120, utapata watu waliochinja magari miaka mingi na kuweka matumbo yake chini ya mabati. Bei ya mlangoni hapa ndiyo ya chini kuliko zote, kwa sababu kinachoongezeka ni nauli ya pikipiki au kigari cha kusukuma. Muda ni siku hiyohiyo, au miezi sita, hakuna katikati. Kipuri kipo au hakipo, na wakati mwingine kilikuwepo wiki iliyopita, kikauzwa kwa kilo kwa watu wa mitraye, yaani vyuma chakavu. Bloku ya chuma cha kusubu, kwa mnunuzi wa namna hiyo, ni uzito tu.

Nguvu ya mtaani iko kwenye kupima, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua kichwa cha silinda, kulasi kama tunavyokiita hapa. Cha 504 ya petroli ni cha alumini, bloku ni ya chuma, na vyuma viwili tofauti vikikaa pamoja na maji machafu, alumini ndiyo huliwa. Huku kwetu wengi waliendesha kwa maji ya bomba au ya kisima, bila dawa ya kuzuia kutu, miaka ishirini. Jumamosi moja Katuba kijana aliniwekea kichwa juu ya gunia. Kilikuwa kimesuguliwa kwa msasa mpaka kinang'aa.

"Papa, hii njo ya 504 ya kweli, iangalie tu."

"Nimeiona, mwanangu. Nigeuzie."

Akakigeuza. Nilikuwa na rula ya chuma ya nusu mita na fila, vile vipande vyembamba vya kupimia nafasi. Unailaza rula kwa wima wake juu ya uso wa kichwa, kwa urefu, kwa upana, halafu kona kwa kona mara mbili, na unajaribu kupenyeza fila chini yake. Kipande cha milimita 0.05 kikipita kwa shida, bado kuna maisha, cha 0.10 kikipita kwa raha katikati, kichwa kimepinda na lazima kikwanguliwe kwa mashine. Hicho kilikuwa kimenyooka. Kasoro ilikuwa kando: tundu moja la maji lilikuwa limeliwa mpaka karibu na ile duara ambapo gasketi hubana moto wa silinda, na mahali hapo palikuwa na rangi tofauti, kijivu cha maziwa. Palijazwa kwa kulehemu. Kulehemu si dhambi, fundi mzuri wa alumini anakifufua kichwa, lakini bei hushuka. Tulipatana kwa chini ya nusu ya alichotaja, na bado ninacho kama akiba.

Jaribio lingine halihitaji chombo. Laza kichwa huku valvu zimefungwa, mimina petroli kidogo kwenye matundu ya kuingizia hewa, kunywa soda yako. Ikivuja upande wa chemba ya moto ndani ya dakika chache, valvu hazikai vizuri. Hilo ni la kusaga tu, si la kukukimbiza, lakini ni la kumwambia muuzaji.

Kwa bloku, usiogope silinda zilizochakaa. Injini hizi za petroli zina shemizi zinazotoka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja, kwa hiyo unabadilisha shemizi na pistoni bila kukereza bloku. Tazama pale chini shemizi inapokalia. Pakiwa pameliwa na kutu, maji yatashuka kwenye mafuta hata uweke shemizi za dhahabu. Na uulize bloku ililala wapi. Iliyoachwa wazi bila kichwa kuanzia Novemba hadi Machi, mvua zetu hizi, ni mtungi wa maua.

Kranki ndiyo ya kuogopa zaidi. Inakerezwa kwa hatua, na kila hatua inataka beringi nene zaidi. Ukinunua iliyokwisha fika hatua ya mwisho, umenunua nanga. Nenda na mtu mwenye maikromita, chombo cha kupimia unene kwa usahihi. Lubumbashi ni mji wa migodi na karakana, wakerezaji wa zamani hawakosekani, na mmoja atakubali kukusindikiza kwa nauli na chakula cha mchana.

Uhakika wa aina, kwa upande mwingine, ni mdogo. Vichwa, kranki na kabureta vimechanganywa kwenye rundo moja, na wachinjaji wengi vijana hawakuwahi kuliona gari lenyewe likitembea. Kuhusu kurudi: ukirudi kesho yake na maneno mazuri, muuzaji atakubadilishia, maana ana jina la kulinda mtaani. Ukirudi baada ya mwezi, utakuta anauza simu.

Njia hii inamfaa mwenye fundi anayemwamini, anayeishi mjini, na ambaye gari halimsubirishi kazi.

Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa

Mpaka uko kama kilomita 90 kutoka mjini, kisha Chililabombwe, Chingola, Kitwe, na Ndola. Zambia nayo ilikuwa na 504 zake, hasa pikapu, na yadi za huko zimepangwa kuliko zetu. Kupima unaweza, hakuna anayekunyima. Uhakika wa aina ni wa wastani hadi mzuri, kwa sababu mara nyingi injini bado iko ndani ya gari au imekaa nzima na kabureta yake, hivyo unasoma herufi na namba zake mwenyewe. Anayejua Kibemba hupunguziwa bila kuomba. Asiyejua, aende na anayejua.

Tatizo ni bei ya mlangoni. Kipuri kinaweza kuwa cha bei sawa na mtaani kwetu, halafu nauli, kulala, ushuru, na foleni ya malori mpakani vikala tofauti yote. Kwa kichwa kimoja safari hailipi. Kwa injini nzima, au kwa watu watatu wenye 504 waliochanga gari moja, inalipa. Chukua risiti yenye namba ya injini. Injini isiyo na karatasi mpakani inakugeuza kutoka mnunuzi kuwa mshukiwa, na siku inaishia hapo.

Jambo moja la kukumbuka: wenzetu huendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia. Bloku, kichwa, kranki havijali. Lakini viunganishi vya eksileta na njia ya egzosi vinaweza kufuata upande wa usukani, kwa hiyo ukinunua injini nzima usitupe vya kwako vya zamani.

Muda ni siku mbili hadi nne. Kurudisha? Kwa nadharia ndiyo. Kwa vitendo, nani atavuka tena kwa ajili ya pampu ya maji?

Njia hii inamfaa anayevuka tayari kwa biashara nyingine, na kipuri ni mzigo wa kurudi nao.

Ulaya: Ubelgiji na Ufaransa

Hapa uhakika wa aina ndio wa juu kuliko kote. Muuzaji wa kibinafsi kwenye Leboncoin, tovuti ya matangazo ya Ufaransa, mara nyingi anataja mwaka wa gari, aina ya injini, na sababu ya kuivunja. L'Aventure Peugeot, chombo kinachotunza urithi wa kampuni hiyo, huuza pia vipuri vya magari yake ya kale, na huko ndiko pa kutafuta vile vitu visivyonunuliwa vya mtumba. Jambo jingine: injini za kule zilikunywa maji yenye dawa ya kuzuia barafu, ambayo huzuia na kutu. Chumvi ya barabara za baridi ilikula bodi, injini ikabaki. Ndiyo sababu kichwa cha kule mara nyingi kina matundu ya maji yaliyo mviringo bado, wakati cha hapa kina matundu ya umbo la embe.

Kupima huwezi, lakini unaweza kupimisha. Shemeji yangu ni muuguzi, hajui pistoni na sahani. Nilimwambia akate duara la kadibodi la kipenyo cha milimita 88, aende nalo kwa muuzaji, aliweke juu ya shemizi. Likienea sawasawa, nunua. Likizidi ukingo, ondoka. Alirudi na picha tatu na shemizi nne. Muuzaji mwingine ambaye huna mtu wa kumtuma, mwombe picha yenye rula ndani yake na picha ya herufi zilizopigwa kwenye bloku. Akikataa, hana muda na wewe, na hata kipuri kikifika kibovu hatakuwa nao.

Bei ya mlangoni ndiyo inayowavunja watu moyo. Tuseme, kwa mfano tu, kichwa ni dola 120 huko. Weka usafirishaji, ushuru wa DGDA (forodha yetu), gharama za OCC (ofisi ya Kongo ya ukaguzi wa bidhaa), na wakala wa kutoa mzigo, halafu uone kama 120 bado ina uso. Kwa vitu vizito kama bloku, njia ya busara ni kuingiza ndani ya kontena la mtu mwingine linalokuja kwa Dar es Salaam na Tunduma, na hapo hesabu miezi. Kwa vitu vidogo, ndugu anayesafiri na sanduku la kilo 23 ndiye meli yako. Kabureta, kamshafti, kichwa kisicho na valvu hukaa humo. Lakini kioshwe mpaka kisinuke: kipuri chenye petroli au mafuta ndani yake ndege haikibebi, na aibu ya kufunguliwa sanduku mbele ya foleni itakuwa ya ndugu yako.

Kabureta ya Ulaya ina hila yake. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jeti (vitundu vya kupitishia petroli) zilizopimwa kwa tambarare za kule zitakupa petroli nyingi kuliko hewa: moshi mweusi, plagi zenye masizi, tangi linalokauka. Si kabureta mbovu. Weka jeti ndogo kidogo, au hamisha zile za kabureta yako ya zamani.

Kurudisha kwa vitendo hakupo. Njia hii inamfaa mwenye subira na ndugu, na hasa mwenye kutafuta kitu kimoja mahususi ambacho mtaani amekipima mara tatu kikamkataa.

Gari bovu zima

Wengi huiona njia hii kama ya matajiri. Sivyo, ila inataka nafasi na moyo wa kuvumilia maneno ya mke.

Faida yake kubwa si bloku wala kranki. Ni vitu vidogo visivyo na jina: boliti ya urefu wa ajabu, bano la alternata, bomba la mafuta lililopinda kwa namna moja tu duniani, ile feni yenye klachi ya umeme ambayo mafundi wetu walizoea kuing'oa na kuitupa. Injini ya petroli ya 504 imelazwa ubavu kwa digrii 45, kwa hiyo mabano yake hayafanani na ya gari jirani lisilo Peugeot. Ukikosa moja unachonga, na cha kuchonga hutetemeka. Kwenye gari bovu viko vyote, mahali pake, na unajifunza jinsi vilivyofungwa.

Uhakika ni mzuri ukisoma namba, maana injini yaweza kuwa ilibadilishwa zamani. Kupima ni nusu: huoni ndani, lakini unaweza kushika spana kwenye puli ya kranki ukazungusha. Ikizunguka na unasikia silinda nne zikikataa kwa zamu, kuna matumaini. Ikikwama kabisa, lipa bei ya mabati.

Bei ya mlangoni inategemea mabaki. Jumlisha gari na kulivuta, kisha utoe utakachopata kwa kuuza milango, gia boksi, vioo, na mwisho chuma kwa kilo. Nimemwona mtu akimaliza na injini bila kutoa hata dola. Nimemwona pia mwenye mzoga uliokaa uani miaka minne, kuku wakitaga ndani.

La kurudisha usiliwaze. La kuogopa ni warithi. Mdogo mtu anakuuzia, wiki ya pili dada mkubwa anakuja na wazee. Omba carte rose (hati ya usajili wa gari), andikeni karatasi, na mbele ya mashahidi aliyeuza aseme gari lilikuwa la nani.

Kwa hali yako

Gari linawaka lakini linakula maji: anza mtaani kwa kutafuta kichwa, rula na fila mkononi. Ukipima vitatu vyote vikawa vimeliwa, mwandikie ndugu wa Ulaya, na wakati unasubiri agiza gasketi mpya kwa njia hiyohiyo.

Injini imegonga, konrodi imetoboa bloku: usitafute kipande kwa kipande. Tafuta gari bovu ndani ya mji au Likasi kwanza, na injini nzima Zambia kama una wenzako wa kuchangia safari.

Gari lilirithiwa bila injini, au injini iko kwenye magunia: gari bovu, bila mjadala, hata kama injini yake imekwama. Unanunua ramani.

Kabureta, pampu ya petroli, distributa: Ulaya kwa sanduku la ndugu, isipokuwa mtaani umekuta kitu ambacho bado kiko juu ya injini yake.

Kranki: popote penye maikromita. Kama muuzaji wa mbali hawezi kukuandikia kipimo cha kila jono (sehemu ya kranki inayozunguka ndani ya beringi), acha.

Una dizeli ya cc 2304: uliza 505 na Sierra kabla ya 504, kokote uendako.

Na kama una pesa ya kitu kimoja tu mwezi huu, na mvua zinakaribia, nunua turubai, funika bloku uliyo nayo.